Tyubu Ngapi Zinatosha? Mwongozo Kamili wa Kukadiria Vifaa vya Kuziba Mianya ya Hewa Chumbani

Joto la kaskazi likishaanza, ujumbe ninaopokea kutoka Dar es Salaam, Tanga na Mombasa hufanana. Kiyoyozi kimefungwa, kinaunguruma usiku kucha, chumba hakipoi sawasawa na umeme unakwisha. Msomaji ameshaambiwa azibe mianya. Amenunua tyubu mbili za silikoni za kuanzia, zimeisha kabla ya dirisha la pili. Amerudi dukani kuchukua kumi, na sasa saba zimelala kabatini zikigandia ndani. Chini ya mlango, palipokuwa pakubwa kuliko pote, bado pako wazi.

Karibu wote wanakosea mahali pamoja: wanapima urefu wa mwanya na kusahau upana na kina chake. Silikoni hujaza nafasi, na nafasi ina pande tatu. Mwongozo huu unakupeleka kwenye namba kabla hujatoa pesa mfukoni.

Mfano nitakaoutumia ni chumba cha kulala cha nyumba ya matofali ya Pwani: madirisha ya aluminiamu ya kuteleza, dari ya jipsamu, mlango wa mbao, kiyoyozi cha ukutani. Walioko Njombe, Makete au Limuru wanaozuia baridi isiingie watatumia hesabu zilezile, ila wasiruke sehemu inayofuata.

## Vyumba usivyotakiwa kuziba

Usizibe jiko. Usizibe chumba chochote kinachowashwa mkaa, kuni au mafuta ya taa. Mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na chumba kilichozibwa ndicho kinachoigeuza kuwa mauti. Kuingiza jiko la mkaa chumbani ili kupasha joto ni hatari hata kabla hujaziba kitu. Ukishaziba, hakuna nafasi ya kubahatisha.

Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa na ikivuja hutambaa sakafuni. Mwanya wa chini wa mlango wa jiko unaofungukia nje uache ulivyo.

Jenereta isikae dirishani, hata kama dirisha limezibwa vizuri.

Na hata chumba cha kulala hakizibwi kama kopo. Viyoyozi vya kawaida vya ukutani huzungusha hewa ileile ya chumbani, haviingizi mpya. Kama kuna tundu la hewa juu ya dirisha, liwekee kifuniko cha kufungua na kufunga badala ya kulikandika sementi. Mchana fungua dirisha, chumba kipumue.

Jambo moja zaidi kwa wenye nyumba za zamani: kama dari ni ya shiti za asibesto, usizikate, usizitoboe, usizipige msasa. Nyuzi zake zikiingia mapafuni hazitoki. Hapo muite mtu anayejua kazi hiyo.

## Vya kuwa navyo kabla ya kupima

Vingi unavyo tayari nyumbani:

- Tepu ya kupimia, karatasi na penseli
- Tochi yenye mwanga mkali
- Udi wa vijiti, au ubani kwenye chetezo kidogo
- Kadi nne za plastiki za saizi ya kadi ya benki
- Msumari mrefu mwembamba
- Donge la unga wa chapati na kipande cha nailoni (utaona kazi yake hatua ya 5)
- Ngazi imara

Bunduki ya silikoni, wembe wa kukatia, tepu ya karatasi, glavu na miwani ya kazi utavihitaji siku ya kuziba, si leo. Leo ni kupima tu.

## Hatua ya 1: Tafuta mianya, anza na mikubwa

Hewa baridi ni nzito. Chumba kikipozwa, ile baridi hushuka na kutoka chini ya mlango, na hewa moto huingia juu kujaza nafasi yake. Juu kwenyewe ni darini, chini ya mabati yaliyopigwa na jua mchana kutwa. Kwa hiyo mwanya wa chini ya mlango na ule wa dari hufanya kazi pamoja. Ukiziba mmoja wao tu, umepunguza. Ukiziba yote miwili, umekata mkondo.

Njia tatu za kutafuta, na zote ufanye:

Tochi. Usiku, zima taa za chumbani. Mtu asimame nje amulike polepole kuzunguka fremu za madirisha na mlango. Wewe uliye ndani weka alama ya penseli kila unapoona mwanga.

Moshi. Chagua alasiri yenye upepo wa bahari. Funga kila kitu, zima feni na kiyoyozi, washa udi na upitishe taratibu sentimita chache kutoka kwenye fremu, soketi, konisi ya dari (ukingo ambapo dari inakutana na ukuta) na tundu la bomba la kiyoyozi. Moshi ukipanda wima, hapo pamefunga. Ukiyumba au kuvutwa, weka alama. Pazia lisogezwe mbali na moto.

Vumbi. Hii watu wengi huidharau. Tazama kwenye konisi na pembeni mwa fremu: mstari mweusi mwembamba wa vumbi kwenye rangi nyeupe unaonyesha njia ambayo hewa imepita kwa miezi. Ukuta umekuchorea ramani bure.

Usipoteze muda kwenye maungio ya ukuta na sakafu ya zege yenye lipu nzuri. Hapo hapavuji, na bado ndipo watu wengi wanapomaliza tyubu yao ya kwanza kwa sababu panafikika bila ngazi.

Utajua umefaulu ukiwa na mchoro wa chumba wenye alama, na umeona kwa macho kwamba mianya mitatu au minne mikubwa inazidi mingine yote. Mlango wa upana wa sentimita 90 wenye nafasi ya sentimita 1.5 chini ni tundu la sentimita za mraba 135. Ni karibu sawa na kutoboa ukuta tundu la sentimita 13 kwa 10 na kulala nalo wazi.

## Hatua ya 2: Pima urefu, upana na kina

Kwa kila alama andika namba tatu.

Urefu kwa mita. Fremu ya dirisha la mita 1.5 kwa 1.2 ina mzunguko wa mita 5.4.

Upana kwa milimita. Kadi ya benki ina unene wa karibu milimita 0.76, kwa hiyo kadi nne zikibanwa pamoja ni milimita 3. Penseli ya kawaida ni karibu milimita 7. Pima sehemu tatu kila upande kisha chukua wastani. Ukichukua sehemu pana kuliko zote utanunua mara mbili ya mahitaji. Ukichukua nyembamba utarudi dukani.

Kina kwa msumari. Uingize hadi ugote, ushike kwa kidole usawa wa ukuta, utoe, upime.

Hiki kina ndicho kinachowala watu. Chukua mwanya wa upana wa milimita 10 ambao msumari umeingia milimita 100. Ukimimina silikoni hadi ndani, mita moja tu inameza mililita 1,000, yaani tyubu tatu na nusu. Ndiyo maana tyubu zinaisha kwenye dirisha la kwanza na fundi analaumiwa kwa wizi. Mwanya wa kina lazima uwekewe kizuizi ndani kwanza.

## Hatua ya 3: Ugawie kila mwanya dawa yake

- Chini ya milimita 5, mahali pasipocheza (konisi, fremu ya mlango na lipu ya ndani): akriliki, nayo ni ya tyubu kama silikoni. Inakubali rangi, inasafishika kwa maji ikiwa mbichi.
- Milimita 5 hadi 12, nje kwenye mvua na jua: silikoni, ikiwa na kamba ya sponji nyuma yake kama kizuizi.
- Zaidi ya milimita 12: povu la kopo, kisha lipu juu.
- Tundu la ngumi na kuendelea: kipande cha tofali na sementi. Povu si ukuta.
- Vinavyofunguka na kufungwa (mlango, paneli za dirisha): sponji ya kubandika, mpira au brashi. Kamwe si silikoni.

Silikoni nazo si moja. Ile inayonuka siki hutoa asidi inapokauka. Haishiki vizuri kwenye lipu ya sementi na inaweza kuila metali. Kwa aluminiamu na ukuta chagua isiyonuka siki. Kwenye tyubu tafuta neno "neutral". Muuzaji akisema zote sawa, soma mwenyewe. Halafu silikoni ya kawaida haishiki rangi, hivyo ukiipaka ndani kwenye ukuta utakaopigwa rangi mwezi ujao, utabaki na mstari unaomenyuka.

Onyo: fremu za aluminiamu za kuteleza zina vitundu vidogo kwenye reli ya chini, upande wa nje. Vinatoa maji ya mvua. Ukivizibia utaona maji yakifurika ndani masika yanapoanza.

Madirisha ya luva, yale ya vipande vya vioo vinavyolala na kusimama, hayazibiki kwa tyubu. Kila kipande ni mwanya wa urefu wa dirisha zima. Kwa chumba cha kiyoyozi, pesa ya kuhangaika nayo ni bora iende kwenye kioo kimoja kisichofunguka upande wa ndani wa dirisha mojawapo, kilichoshikwa kwa skrubu ili kitoke wakati wa dharura, huku dirisha lingine likibaki la kufunguka. Kama dirisha ni moja tu, badilisha fremu.

## Hatua ya 4: Hesabu ya silikoni na akriliki

Kanuni ni hii:

Upana (mm) × kina cha kujaza (mm) × urefu (m) = mililita

Huhitaji kugeuza vipimo. Milimita kwa milimita kwa mita hutoa mililita moja kwa moja. Kina cha kujaza ni kile utakachoacha mbele ya kamba ya sponji. Kwa mwanya wa milimita 6 hadi 12, kina cha milimita 6 kinatosha.

Kama unapaka kwenye kona, pale fremu inapokutana na ukuta kama pembe, mstari wako ni wa pembetatu. Gawa jibu kwa mbili.

Tyubu nyingi madukani ni za mililita 280 au 300. Tumia 280 uwe upande salama. Tyubu moja inakwenda hivi:

- Mwanya wa 4 × 4: mita 17.5
- Mwanya wa 6 × 6: karibu mita 7.7
- Mwanya wa 10 × 6: karibu mita 4.6
- Mwanya wa 12 × 6: karibu mita 3.8
- Kona ya 6 × 6: karibu mita 15.5

Sasa chumba chetu. Kina mita 3.6 kwa 3.3, madirisha mawili ya 1.5 × 1.2 na mlango wa 0.9 × 2.1.

Silikoni, nje ya madirisha: mita 10.8 × 6 × 6 = mililita 389.

Akriliki:
- Kona za madirisha ndani: 10.8 × 6 × 6 ÷ 2 = 194
- Konisi ya dari, mzunguko wa mita 13.8: 13.8 × 4 × 4 = 221
- Fremu ya mlango, pande mbili, mita 10.2: 10.2 × 6 × 6 ÷ 2 = 184
- Jumla: mililita 599

Ongeza asilimia 20 ya upotevu. Mzoefu hupoteza pungufu ya hapo, lakini anayeanza huacha silikoni kwenye mdomo wa tyubu, kwenye kitambaa na kwenye kiwiko.

Silikoni: 389 × 1.2 = 467, gawa kwa 280 = 1.67. Tyubu 2.
Akriliki: 599 × 1.2 = 719, gawa kwa 280 = 2.57. Tyubu 3.

Tyubu tano kwa chumba kizima. Kama hesabu yako imetoa zaidi ya kumi kwa chumba cha ukubwa huu, rudi hatua ya 2. Karibu hakika umeandika kina halisi cha mwanya badala ya kina cha kujaza.

Kamba ya sponji nunua yenye kipenyo kinachozidi upana wa mwanya kwa robo, ili ijibane yenyewe. Mwanya wa milimita 6 unataka kamba ya 8. Kama haipatikani, kata vipande vya ile sponji nyeupe inayofungiwa runinga mpya, hainywi maji. Sponji ya godoro inanyonya, usiitumie nje.

## Hatua ya 5: Mlango

Hapa ndipo pesa ndogo inapofanya kazi kubwa, na ndipo wengi hukosea unene.

Sponji ya kubandika hukaa kwenye mdomo wa fremu, juu na pembeni mbili. Ikiwa nene mno, mlango haufungi au bawaba zinavutika. Ikiwa nyembamba, haigusi. Unene huo huwezi kuupima mlango ukiwa wazi, na ukiwa umefungwa huoni. Kwa hiyo: finyanga vidonge vya unga wa chapati vya ukubwa wa maharage, uvifunge kwenye nailoni, uvibandike kwa tepu sehemu tano za mdomo wa fremu. Funga mlango hadi kitasa kilie, ufungue taratibu. Unene wa unga uliobanwa ndiyo nafasi halisi. Mara nyingi utakuta upande wa bawaba ni milimita 2 na upande wa kitasa, juu, ni 5. Mbao hupinda.

Nunua sponji yenye unene wa karibu mara mbili ya nafasi hiyo, maana inabanwa. Pande zikitofautiana sana, nunua unene wa aina mbili.

Urefu: 2.1 + 2.1 + 0.9 = mita 5.1. Roli nyingi ni za mita 5. Upungufu wa sentimita 10 huo uache chini kabisa upande wa bawaba. Usiunganishe vipande viwili katikati ya upande. Ungio ndilo linalobanduka kwanza. Kama unahitaji unene wa aina mbili, basi ni roli 2.

Chini ya mlango: pima upana wa mlango wenyewe, si wa fremu, na nafasi ya chini katika sehemu tatu, maana sakafu za vigae hupanda na kushuka. Mpira au brashi ya kupigiliwa skrubu hukatwa kwa msumeno. Uguse sakafu bila kuburuza. Kwa mlango unaopita juu ya mkeka, funga na ufungue mara kadhaa kabla ya kukaza skrubu.

## Hatua ya 6: Brashi za madirisha ya kuteleza

Dirisha la aluminiamu la miaka mingi huwa limepoteza brashi zake, zile manyoya ya kijivu yaliyochomekwa kwenye mfereji wa paneli. Zimekatika, zimelala au zimejaa mchanga.

Inua paneli, itoe kwenye reli ya chini, ilaze juu ya blanketi. Mfanye wawili, kioo kina uzito na kingo zake zinakata. Hesabu mistari ya brashi. Fremu ya mfano wetu ina miwili juu na miwili chini ya mita 0.75, na miwili wima ya mita 1.2:

4 × 0.75 + 2 × 1.2 = mita 5.4 kwa paneli moja. Paneli nne: mita 21.6. Nunua 23.

Fremu yako inaweza kuwa tofauti kabisa, kwa hiyo hesabu zako mwenyewe. Kwenye maduka ya vifaa vya aluminiamu, Kariakoo kwa mfano, brashi huuzwa kwa mita au kwa roli. Nenda na kipande cha zamani mkononi, kisicholala: upana wa kitako chake lazima uingie kwenye mfereji, na urefu wa manyoya lazima ufike. Ukimwelezea muuzaji kwa maneno atakupa anayoiona karibu.

## Hatua ya 7: Povu

Mahesabu yake ni ya lita. Tundu la bomba la kiyoyozi lenye kipenyo cha sentimita 7, kwenye ukuta wa sentimita 18, likiwa na mabomba yaliyofungwa pamoja yenye unene wa sentimita 5, linabakiwa na karibu lita 0.34. Mwanya wa chini ya linta (boriti ya juu ya dirisha) ya dirisha moja, milimita 20 × milimita 100 × mita 1.5, ni lita 3. Jumla lita 3.34.

Makopo ya mililita 750 huandikwa lita 30 hadi 45 baada ya kuvimba. Nusu ya namba ya chini ndiyo ninayoitumia kwenye makadirio: lita 15. Kopo 1 linatosha na kubaki.

Tatizo ni kwamba kopo la mrija likishafunguliwa, mdomo unaganda na kesho haufai. Kwa hiyo usikadirie povu kwa chumba kimoja. Zunguka nyumba nzima, jumlisha matundu yote makubwa, uyafanye siku moja.

Chini ya linta palipowekwa povu, mstari wa silikoni bado utapita juu ya lipu, basi usiutoe kwenye hesabu ya hatua ya 4. Ila kamba ya sponji haihitajiki hapo: 10.8 − 1.5 = mita 9.3, nunua 11.

Maonyo: povu bichi linawaka moto, usivute sigara wala kuwasha udi karibu. Vaa glavu na miwani, fungua madirisha. Likishika ngozi na kukauka, haliondoki kwa sabuni. Jua linalila, lifunike kwa lipu au rangi. Usilipulize juu ya taa za kuzama za dari wala ndani ya kisanduku cha soketi.

## Hatua ya 8: Andika orodha, kisha ndipo uende dukani

Orodha ya chumba chetu:

- Silikoni isiyonuka siki: tyubu 2
- Akriliki nyeupe: tyubu 3
- Kamba ya sponji ya mm 8: mita 11
- Povu la mililita 750: kopo 1
- Sponji ya kubandika: roli 2 za unene tofauti
- Mpira wa chini ya mlango: 1
- Brashi za dirisha: mita 23
- Tepu ya karatasi: roli 1

Dukani utasikia, "Bosi, beba boksi zima, nakupunguzia." Punguzo la tyubu usizozihitaji ni hasara, hasa kwa kitu kinachoharibika kabla ya kufunguliwa. Tazama tarehe ya mwisho kwenye kila tyubu. Ibonyeze pembeni: ikiwa ngumu, imeshaganda. Uliza kama tyubu ambayo haijafunguliwa inarudishwa, na utunze risiti.

Sponji ya bei ya chini ifinye kwa vidole viwili na uiachie. Isiporudi dukani, haitarudi mlangoni.

## Hatua ya 9: Kazi yenyewe, kwa mpangilio

Mpangilio unapunguza upotevu, ndiyo maana uko kwenye mwongozo wa makadirio.

Safisha na kausha. Kwangua silikoni ya zamani, futa vumbi, acha pakauke. Silikoni mpya juu ya vumbi au unyevu inabanduka nzima. Baada ya mvua, ukuta wa nje uache upigwe jua kwanza.

Povu. Tikisa kopo vizuri, nyunyiza maji kidogo ndani ya mwanya (povu hukomaa kwa unyevu), geuza kopo kichwa chini, jaza nusu tu. Litavimba lenyewe. Ukijaza pomoni kandokando ya fremu, litaipinda na dirisha halitateleza tena. Likate siku inayofuata, kisha weka lipu na uiache ikauke kabla ya kupitisha silikoni juu yake.

Kamba ya sponji, ukiisukuma kwa kina kilekile njia nzima. Weka alama ya milimita 6 kwenye kijiti na uisukumie kwa hicho.

Silikoni na akriliki. Kata mdomo wa tyubu kwa mshazari, tundu likiwa dogo kidogo kuliko mwanya. Hapa hesabu nzima inaweza kuharibika kwa mkato mmoja: mdomo wa milimita 10 kwenye mwanya wa 4 unatoa zaidi ya mara sita ya mahitaji, na ziada yote inaishia kwenye kitambaa. Kata kidogo, jaribu kwenye kadibodi, ongeza ikibidi. Bandika tepu ya karatasi pande mbili, vuta bunduki kwa mwendo mmoja, pitisha kidole kilichovaa glavu yenye maji ya sabuni, ng'oa tepu kabla ya kukauka. Silikoni hukauka kwa ndani kiasi cha milimita 2 hadi 3 kwa siku, kwa hiyo usiijaribu kwa ukucha jioni hiyohiyo.

Brashi, sponji na mpira wa mlango viwe mwisho, vumbi likishaondoka. Sponji haishiki kwenye rangi yenye mafuta. Futa rangi hiyo kwanza kwa spiriti.

## Namna ya kujua kazi imekubali

Rudia udi. Moshi upande wima kwenye kila alama uliyoweka.

Kwenye mlango, bana karatasi ya daftari, funga, uivute. Itoke kwa kukwama. Ikitoka bila kipingamizi, sponji haigusi hapo.

Soma LUKU, yaani mita ya umeme, kabla ya kulala na asubuhi, usiku kadhaa kabla ya kazi na kadhaa baada, kiyoyozi kikiwa kwenye nyuzi zilezile na vifaa vingine vikitumika vilevile. Linganisha usiku wa joto na usiku wa joto, usilinganishe na siku ya mvua.

Kuna kipimo kingine cha watu wa Pwani ambacho nakiamini zaidi. Weka ndoo chini ya mpira wa kutolea maji wa kiyoyozi, usiku kucha, kabla na baada. Hewa ya bahari inayopenya imebeba unyevu, na kiyoyozi kinatumia umeme mwingi kuukamua. Mianya ikizibwa, maji ya ndoo yanapungua. Yakibaki palepale, kuna tundu kubwa hujaliona. Anza kutafuta kwenye kifuniko cha kupandia darini. Mara nyingi kimewekwa juu tu bila sponji, na mita mbili na nusu za roli iliyobaki zinatosha kukizungushia.